Kutenganisha programu ya kusimamia miradi na mfumo wa matoleo

Programu nyingi za kusimamia miradi zilizaliwa zikiwa zimefungamana na mfumo mmoja wa matoleo, yaani programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kama Subversion, Git au Mercurial. Trac ni mfano mzuri kwa sababu msimbo wake uko wazi: ilianza juu ya Subversion, toleo la 0.12 la mwaka 2010 likaruhusu hazina nyingi (ghala za msimbo pamoja na historia yake) katika mradi mmoja, na toleo la 1.0 la mwaka 2012 likaihamisha Subversion yenyewe kwenye moduli ya hiari, tracopt.versioncontrol.svn, ikae bega kwa bega na moduli ya Git. Redmine, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina folda ya lib/redmine/scm/adapters, kila mfumo na adapta yake, yaani kipande cha msimbo kinachoiunganisha programu na mfumo huo.

Kazi hii ina faida hata kama timu yenu nzima inatumia Git. Bitbucket, huduma ya kuhifadhi hazina mtandaoni, ilianza na Mercurial, ikaongeza Git mwaka 2011, na mwaka 2020 ikaiondoa Mercurial kabisa. Tiketi, yaani kumbukumbu za kazi na hitilafu, huishi muda mrefu kuliko hazina, kwa hiyo tiketi ndizo za kulindwa.

Kosa la kwanza huwa kwenye hifadhidata. Anayetoka Subversion huweka safu ya toleo, yaani kitambulisho cha badiliko moja, kuwa namba kamili, kisha akaandika toleo - 1 kila anapotaka lililotangulia. Git haina namba hizo, hutumia hashi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Mercurial inazo, lakini ni za nakala moja tu: toleo la 57 kwenye kompyuta yako laweza kuwa la 61 kwenye seva, basi usizihifadhi kamwe. Safu iwe ya maandishi, isiwe na ukomo wa herufi 40, maana hashi za SHA-256 zina 64. Tena usipange kwa safu hiyo: katika maandishi "10" hutangulia "9". Ndiyo maana Trac, inapohifadhi matoleo ya Subversion, huyajazia sifuri mbele hadi tarakimu 10.

Swali la “lipi lilitangulia?” liulizwe adapta. Katika Trac kazi hiyo hufanywa na previous_rev, next_rev na rev_older_than, na programu nzima haikokotoi chochote yenyewe. Usijaribu kukwepa kwa kupanga kwa saa. Saa ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya Git hutoka kwenye kompyuta ya aliyeiandika, na ikiwa saa yake iko nyuma, mtoto ataonekana mkubwa kuliko mzazi. Zaidi ya hayo kuna saa mbili, ya mwandishi na ya aliyeingiza komiti, na baada ya rebase (kuandika upya komiti juu ya msingi mwingine) hutofautiana. Hifadhi zote mbili.

Adapta yenyewe iwe nyembamba. Mimi huridhika na vitu vitatu: hazina, badiliko na nodi (faili au folda). Hazina hutoa badiliko au nodi kwa njia na toleo. Badiliko hutaja mwandishi, ujumbe, saa, orodha ya wazazi na faili zilizoguswa. Nodi hutoa yaliyomo, watoto wake na historia yake. Wazazi wawe orodha tangu siku ya kwanza, kwa kuwa komiti ya kuunganisha matawi huwa na wawili au zaidi, na ya kwanza kabisa haina hata mmoja. Ukiweka safu moja ya mzazi utajikuta unaandika upya nusu ya kazi.

Matawi ndiyo yanayowasumbua watu zaidi. Katika Subversion tawi ni folda tu, /branches/fulani, kwa hiyo njia ya faili inatosha kulitambulisha. Katika Git ni rejea, yaani jina linaloelekeza kwenye komiti, iliyo nje ya mti wa faili. Wengine hubuni folda za uongo ili Git ifanane na Subversion. Sipendekezi, kwa sababu kila kiungo kilichohifadhiwa kitavunjika tawi likibadilishwa jina. Afadhali kila ombi libebe njia na toleo, na jina la tawi litafsiriwe kuwa toleo mapema, kabla ya kufika ndani.

Kubadilisha jina la faili nako si kitu kimoja kote. Subversion huandika kwamba faili imenakiliwa kutoka wapi. Git haiandiki, hukisia kwa mfanano, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 50. Adapta iseme wazi kama taarifa imeandikwa au imekisiwa, vinginevyo ripoti zitabadilika siku mtu akigusa mpangilio huo. Njia za faili ni baiti kwa Git lakini ni UTF-8 kwa Subversion, na Git hufunika herufi zisizo za ASCII kwa alama za kukwepa. Tumia chaguo la -z, linalozuia hilo, kila unaposoma orodha ya faili.

Sasa taarifa za komiti mpya. Kwa Subversion ni rahisi: post-commit, skripti inayoendeshwa baada ya kila komiti, hupewa njia ya hazina na namba, nayo huita trac-admin kwa amri ya changeset added. Kwa Git, post-receive, skripti inayoendeshwa kwenye seva baada ya kupokea komiti, husoma mistari yenye thamani ya zamani, mpya na jina la rejea. Thamani mpya ikiwa sifuri tupu, tawi limefutwa: ruka. Ya zamani ikiwa sifuri tupu, tawi ni jipya, na hapa wengi huandika hivi:

git rev-list --reverse $mpya --not --all

Amri hiyo inafaa ndani ya pre-receive, inayoendeshwa kabla rejea hazijasogezwa. Ndani ya post-receive hairudishi kitu, kwa kuwa rejea zimeshasogezwa na tawi jipya tayari limo ndani ya --all. Badala ya --all, orodhesha baada ya --not vichwa vya matawi (komiti zao za mwisho) ambavyo programu yako inavijua kutoka hifadhidata, na kila kimoja ukikague kwanza kwa git cat-file -e. Kikiwa kimesafishwa baada ya kusukuma kwa nguvu (force push), rev-list itakataa kazi nzima. Skripti yenyewe iweke tukio kwenye foleni tu kisha imalize, la sivyo msukumaji atasubiri barua pepe zote zitumwe.

Komiti moja itafika mara nyingi kupitia matawi tofauti. Neno “closes #12” ndani ya ujumbe wa komiti, linaloamuru tiketi ifungwe, lisiifunge tiketi upya baada ya mtu kuifungua tena kwa makusudi. Andika jozi ya hazina na toleo iliyokwisha kushughulikiwa, na ukaguzi huo ufanyike kabla ya kugusa tiketi.

Kuhusu kasi, usianzishe mchakato wa git log kwa kila faili ya folda. Redmine ina chaguo la kuzima kuonyesha komiti ya mwisho ya kila faili kwa sababu hiyohiyo. Kwa kusoma yaliyomo, mchakato mmoja wa git cat-file --batch unatosha.

Majaribio yaandikwe mara moja, yaendeshwe dhidi ya adapta zote, kwenye hazina ndogo zinazojengwa na skripti: faili iliyobadilishwa jina, muunganiko mmoja, jina lenye herufi kama é, folda tupu. Hiyo ya mwisho Git haiwezi kuihifadhi, kwa hiyo adapta itangaze uwezo wake na jaribio lirukwe.

Ukihama Subversion kwenda Git, tiketi za zamani zitabaki na namba za matoleo ya Subversion kama r1234. Usibadilishe maandishi ya watu. Zana ya kuhamishia, git svn, isipopewa --no-metadata, huacha mstari wa git-svn-id mwishoni mwa kila ujumbe, ukiwa na anwani, namba na kitambulisho cha hazina. Usome ujenge jedwali la hazina ya zamani, namba na hashi, kisha kiungo kitafsiriwe wakati wa kuonyesha ukurasa. Jozi ya hazina na namba isiwe ufunguo wa kipekee: toleo moja la Subversion lililogusa matawi mawili huzaa komiti mbili za Git, na msomaji aonyeshwe zote.