Je, wajua kwa nini vilima vya shaba vya Lubumbashi havina miti?

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Likasi, msitu wa miombo unakufuata pande zote mbili: mutondo, mulombwa, masuku, na vichuguu vikubwa katikati yake. Mara kinatokea kilima chenye kichwa wazi. Nyasi fupi, mawe, maua madogo ya zambarau, basi. Msitu unakomea chini ya mteremko kana kwamba mtu amepima mpaka kwa kamba. Wapita njia wengi hudhani ni kazi ya wachoma makala. Sivyo. Kwenye kilima cha shaba ambacho hakijaguswa, msitu haukuwahi kupanda hadi juu, kwa sababu udongo wake una shaba nyingi mno kwa mizizi ya miti.

Tuanze na kilima chenyewe, maana umbo lake na upara wake vina chanzo kimoja. Mawe ya ukanda wa shaba wa Katanga yaliwekwa tabaka kwa tabaka zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita, kisha ardhi ikakunjika na kuvunja tabaka hizo vipande vipande. Ndiyo maana shaba haikutandazwa sawasawa nchini. Imekaa hapa kidogo, pale kidogo, kuanzia upande wa Kolwezi, kupitia Fungurume, Kambove, Likasi na Luishia, hadi Lubumbashi na kuendelea kuelekea mpaka wa Zambia. Ndani ya vipande hivyo kuna mawe ya silika, magumu na yenye matundu matundu. Mvua ya miaka mingi inakula mawe laini yanayozunguka, lakini silika inabaki imesimama. Jiwe gumu na shaba vimo katika kipande kimoja, kwa hiyo kinachobaki juu ya bonde ni kilima cha makumi machache ya mita, chenye eneo la hekta chache tu, na kimejaa shaba. Watafuta madini wa zamani walilijua hilo: walitazama kwanza vilima vyenye upara.

Sasa sumu yenyewe. Kila mmea unahitaji shaba kidogo sana ili uishi. Udongo wa kawaida huwa na kama miligramu 20 hadi 30 kwa kilo. Kwenye kilima cha shaba utapata maelfu ya miligramu, na mahali pengine zaidi ya 10,000, yaani gramu 10 za shaba ndani ya kilo moja ya udongo. Mbegu ya mti wa kawaida ikiangukia hapo inaweza kuota, kwa sababu chakula cha siku za kwanza kimo ndani ya mbegu. Shida huanza pale ncha ya mzizi inapogusa udongo. Shaba inaharibu ngozi laini ya ncha hiyo, mzizi unaacha kurefuka, unakuwa mfupi, mnene na mweusi. Shaba pia inazuia mmea kupata chuma cha kutosha, kwa hiyo majani machanga yanageuka manjano. Bado mche unaweza kuvumilia, madhali mvua inanyesha. Lakini Lubumbashi mvua hukatika karibu na Aprili na hurudi kwa kawaida Oktoba au Novemba. Mti wenye mzizi wa vidole viwili katika udongo wenye mawe hauwezi kuvuka miezi hiyo.

Nyasi na mimea midogo wana njia nyingine. Wapo wanaomaliza maisha yote ndani ya msimu mmoja wa mvua, wakaacha mbegu. Wapo wanaojificha chini kama kiazi au kitunguu, majani yakakauka, moto ukapita, wao wakasubiri. Kwa hiyo upara wa kilima haumaanishi kilima kimekufa. Wataalamu wa mimea wamehesabu mamia ya aina juu ya vilima vya shaba vya Katanga, na karibu thelathini hivi hazioti mahali pengine popote duniani.

Panda polepole na utaona mimea inabadilika kadiri shaba inavyoongezeka. Pembezoni, pale msitu unapokata tamaa, mara nyingi kuna Uapaca robynsii, mti mdogo wa ukoo wa masuku. Ukiuona umepangana kama ukingo, mpaka wa shaba uko karibu. Juu yake nyasi ni ndefu kiasi na zimechanganyika na mimea ya msituni. Kupanda tena, nyasi zinafika kwenye kifundo cha mguu na udongo unaonekana katikati ya mashina. Kileleni kwenye mawe husimama Xerophyta, mmea wenye shina gumu unaokauka kiangazi hadi uuone umekufa, kisha mvua za kwanza zinaurudishia ukijani.

Mmea unaostahili kupigiwa magoti ni Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Ushike shina lake kwa vidole: lina pembe nne, na majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, kama mrihani, kwa sababu ni wa jamii hiyo hiyo. Maua yamekusanyika juu katika kichwa kidogo, na chini ya kichwa kuna vijani vyenye rangi hafifu vinavyovutia jicho kuliko maua yenyewe. Unaota na mvua, unachanua mvua zikielekea mwisho, unakufa. Hapa watu wengi hukosea: wanautafuta kwenye mteremko ambao haujaguswa. Ua hili linapenda udongo wa shaba uliovurugwa, kama kingo za njia, mabaki ya mgodi na marundo ya udongo uliochimbwa.

Tabia hiyo imewasaidia hata wanaakiolojia. Karne nyingi kabla ya kampuni za kikoloni, wahunzi wa Katanga walikusanya malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwenye vilima hivi wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makala katika matanuru ya udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu hadi bonde la Upemba. Matanuru yamebomoka, lakini mabaki yake yametia shaba ardhini, na juu yake linaota ua lilelile, hata mbali na kilima. Anayelitambua huona tanuru la kale pale mwingine anapoona magugu.

Mimea hii inaishije na sumu? Mingi inaikataa: shaba inazuiwa kwenye mizizi, na majani yanabaki na kiasi kidogo. Michache inasemekana kuibeba hadi juu. Mwaka 1978 ulitangazwa mmea wa Katanga, Aeolanthus biformifolius, wenye shaba ya zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake mkavu, jambo la ajabu kwa kiumbe hai. Vipimo vya namna hiyo vina mtego: vumbi la kilima linang'ang'ania majani, na jani lisiposafishwa vizuri kabla ya kupimwa, mtu anapima vumbi akidhani anapima mmea. Vipimo vingine vya zamani vilishuka baada ya majani kuoshwa kwa uangalifu zaidi.

Sio kila uwazi ni wa shaba, na mtembeaji anapaswa kujua kutofautisha. Mahali palipokatwa kwa ajili ya makala pana visiki, na visiki vinachipua. Nyasi zake ni ndefu kukupita kichwa. Dambo, yaani uwanda wa nyasi wenye majimaji, liko chini bondeni, udongo mweusi, na maji yanasimama wakati wa mvua. Uwazi wa shaba uko juu au mteremkoni, nyasi fupi, mawe mengi, hakuna visiki. Kuna na uwazi wa aina ya nne, uliotengenezwa na watu: Penga Penga, kaskazini-magharibi ya tanuri la shaba la Lubumbashi lililoanza kazi mwaka 1911. Pepo za kusini-mashariki zilibeba moshi wake upande huo kwa miaka mingi, msitu ukafa, na mvua ikachukua udongo wa juu. Watafiti walipojaribu kupafunika tena, walitumia nyasi za vilima vya shaba, Microchloa altera, ambazo zimeizoea sumu tayari, pamoja na chokaa na mboji kwa mimea mingine.

Jambo linalouma ni kwamba mimea hii ya pekee inakaa hasa juu ya kile mgodi unachotaka. Kilima kikichimbwa, kwanza inaondoka ngozi yake ya juu. Crepidorhopalon perennis, mmea mdogo wenye maua, unajulikana Kalukuluku peke yake, mgodi wa Étoile ulio kando ya Lubumbashi, ambako uchimbaji wa kiwanda ulianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kuhamisha mmea kwenye kilima kingine si kazi rahisi, kwa sababu kila kilima kina kiasi chake cha shaba na kobalti, na mmea uliokizoea kimoja unaweza kufa kwenye kingine.

Ukitaka kwenda kuona, mwisho wa Machi na Aprili ndio wakati wa maua mengi, ingawa njia zina matope. Mei hadi Julai njia ni kavu na asubuhi ni baridi kweli. Agosti na Septemba ni mioto na moshi, lakini wiki chache baada ya moto, maua ya mimea ya viazi hutoka kwenye udongo mweusi kabla hata ya jani. Kuanzia Novemba shuka mapema mawingu yanapojikusanya: kwenye kilima kisicho na miti, kirefu kuliko vyote ni wewe, na radi haikosei.

Vilima vingi vimo ndani ya maeneo ya kampuni za madini. Pitia kwanza kwa chefu wa kijiji, kisha kwa walinzi, useme mko wangapi na mtarudi saa ngapi. Beba maji lita mbili au tatu kwa mtu, kwani hakuna kivuli, na usinywe ya kijito kinachotoka kilimani. Kaeni kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa. Mashimo ya wachimbaji wa mikono yanaweza kufunikwa na nyasi, na ukingo wake humomonyoka, hivyo usichungulie ndani. Jiwe la kijani lililo zito ni malakaiti. La buluu-kijani na jepesi zaidi huwa ni krisokola. Jeusi linaweza kuwa na kobalti. Yatazame, uyaache, kwa sababu kubeba mawe ya madini bila karatasi kutakuletea maswali barabarani. Usichume uyoga wala lengalenga (mchicha) mguuni mwa kilima. Kuosha kunaondoa vumbi, hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Na kabla ya kupanda kilima cha pili, kung'uta viatu, ubandue mbegu zilizonasa kwenye soksi na pindo za suruali, uziache pale pale zilipotoka.