Ametolewa Majini Akiwa Amelewa: Usimwache Alale

Kwa nini ulevi ni hatari zaidi kwenye boti?
Pombe hupunguza kasi ya ubongo kuamua na huvuruga mizani ya mwili iliyo ndani ya sikio. Jua, upepo, kelele za injini na mtikisiko wa chombo vinamchosha nahodha hata kabla hajanywa, ndiyo maana chupa alizozizoea nchi kavu humlemea haraka. Tena boti haina breki. Akitumbukia kwenye maji baridi, pumzi humjia kwa ghafla bila hiari. Kichwa kikiwa chini ya maji, anavuta maji.

Si pombe hupasha mwili joto?
Haipashi. Inatanua mishipa ya damu ya ngozi, kwa hiyo unahisi joto wakati ndilo linakutoka.

Nikinywa kahawa, naweza kushika usukani?
Hapana. Ini huondoa takriban kipimo kimoja cha kinywaji (kama chupa ndogo ya bia) kwa saa, na kahawa haiharakishi kazi hiyo. Utabaki mlevi aliye macho.

Sheria inasemaje?
Nchi nyingi huhesabu ni kosa la jinai. Marekani, kikomo kwa anayeendesha boti ya starehe ni asilimia 0.08 ya kilevi katika damu; kwa mabaharia walio kazini, mkataba wa kimataifa wa STCW (wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia) unaweka asilimia 0.05. Adhabu huwa faini, kufungiwa leseni au kifungo, na mtu akifa shtaka ni zito zaidi. Mahali pengi kukataa kupimwa ni kosa jingine.

Mwenzetu alitumbukia, tumemtoa, anapumua. Tumwache alale alevuke?
Hapana. Apelekwe hospitali. Maji kidogo tu yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana pumzi saa chache baadaye, akiwa amelala na nyinyi mmelala. Na aliyegonga kichwa kwenye ukingo wa boti anaongea kwa kujikokota, anayumba na kutapika, sawasawa na mlevi. Kwa macho hamtawatofautisha. Hata daktari anahitaji vipimo.

Ametapika maji, sasa anacheka. Bado?
Bado. Maji aliyotapika yametoka tumboni, si mapafuni. Hospitali.

Tunaogopa polisi. Tusubiri asubuhi?
Msisubiri! Hii ndiyo sababu hospitalini tunaletewa watu wakiwa wamechelewa mno, na inasikitisha kwa sababu hesabu yenyewe ni mbovu: mnakimbia kesi ya ulevi mnajitafutia ya kifo.

Tufanye nini njiani?
Kama hapumui, mpulizieni pumzi 5 kwanza, kisha mkandamize kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kukoma. Msimkamue tumbo; mtamtapisha, na matapishi yatashuka mapafuni. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlazeni ubavu. Vueni nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi, na msimpe kinywaji chochote, hasa pombe ya "kumchangamsha". Kikohozi kisichokoma, povu mdomoni, pumzi za haraka, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, au majimaji kutoka sikioni maana yake ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Mkifika, semeni ukweli: amekunywa kiasi gani, alizama kwa muda gani, na kama kichwa kiligonga kitu.