Oda imeandikwa "imelipwa", pesa iko wapi?

Mama mmoja anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alikuja na daftari ofisini kwetu, tunakosaidia wenye maduka ya mtandaoni walioibiwa. Ana duka la mtandaoni alilotengenezewa na kijana wa mtaani kwake, na wateja wake wengi wako Dar es Salaam na Dodoma. Alikuwa ameorodhesha oda tano. Zote kwenye tovuti zilisomeka "imelipwa", na mizigo yote ilikwishapanda basi Nyegezi. Kwenye taarifa ya miamala ya simu yake hakukuwa na shilingi hata moja ya oda hizo.

Mama huyu si mtu wa kudanganywa kirahisi. Mteja akimwonyesha meseji ya muamala pale sokoni, huangalia salio lake kwanza ndipo afunge mfuko. Duka lake la mtandaoni lilikuwa linafunga mfuko bila kuangalia salio.

Malalamiko ya namna hii yameongezeka, na chanzo mara nyingi ni plagini ya malipo, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye tovuti ili ipokee malipo. Mteja akishalipa, seva ya kampuni ya malipo hutuma taarifa kwenye anwani maalumu ya duka: oda namba fulani imelipwa. Plagini iliyoandikwa vizuri haiamini taarifa hiyo mpaka ikague saini ya kidijitali iliyotengenezwa kwa ufunguo wa siri, kisha iiulize kampuni yenyewe kama muamala upo na ni wa kiasi gani. Plagini mbovu inapokea tu. Yeyote anayeijua ile anwani anaweza kutuma maneno yale yale bila kulipa chochote. Wapo pia wanaolipa kweli, ila shilingi 100 mahali pa 100,000, kwa sababu plagini inatazama kama muamala upo na haitazami kiasi.

Tulipofungua faili za duka la yule mama, mstari wa kukagua saini ulikuwepo. Mbele yake kulikuwa na mikwaju miwili (//), alama inayoiambia kompyuta iuruke mstari huo. Fundi aliuzima wakati wa majaribio, akasahau kuurudisha.

Tunaambiwa kila wiki: "Duka langu dogo, nani ahangaike nalo?" Tunaomba kauli hii iachwe. Machi 2023 iligundulika kasoro katika WooCommerce Payments, plagini ya malipo ya maduka yaliyojengwa kwa WordPress, iliyomwezesha mtu asiye na nywila yoyote kujifanya msimamizi wa duka. Marekebisho yalitolewa mwezi huo huo. Julai mwaka huo, Wordfence, kampuni ya usalama wa tovuti, walirekodi mashambulizi yaliyofikia milioni 1.3 dhidi ya tovuti zipatazo 157,000 kwa siku moja. Programu za wadukuzi huzunguka zenyewe zikigonga kila mlango, bila kuuliza mauzo yako ni kiasi gani. Wenye maduka walikuwa na karibu miezi minne ya kusasisha.

Na lile kufuli kwenye kivinjari linathibitisha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Halijui lolote kuhusu plagini yako.

Sasisha plagini mara toleo jipya linapotoka. Usiweke plagini ya kulipia uliyotumiwa bure kwenye kundi la Telegram; nyingi huja na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingia. Ufunguo wa siri usitumwe WhatsApp, na fundi akimaliza kazi, ubadilishwe. Kila jioni linganisha oda na taarifa ya miamala kabla mzigo haujaenda stendi.

Ukishaibiwa, fuata utaratibu. Usifute tovuti wala usimruhusu fundi "kuisafisha", kwa sababu kumbukumbu za seva ndizo zinazoonyesha taarifa ya uongo ilitoka wapi. Omba kampuni inayohifadhi tovuti ikupe nakala ya kumbukumbu hizo mapema, maana kampuni nyingi huzifuta baada ya muda. Andika namba ya kila oda, saa, kiasi, na namba ya simu aliyoacha mnunuzi. Omba taarifa ya miamala ya kipindi hicho. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe namba ya RB. Wengi wanatuletea ripoti ya kupotelewa na mali waliyojaza mtandaoni. Hiyo ni ya kitambulisho kilichopotea. Wewe umeibiwa.

Kwa anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyojipatia, ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja.

Mwenye duka naye ana wajibu, na hili huwashtua wengi. Majina, namba za simu na anwani za wateja ni taarifa binafsi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, zikivuja unapaswa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Tume inaweza kutoza faini inayofika shilingi milioni 100. Kusema "fundi ndiye aliyetengeneza" hakukuondolei wajibu huo, kwa kuwa wateja walikupa wewe taarifa zao.

Ukija kwetu, njoo na simu inayopokea malipo pamoja na nywila ya msimamizi wa tovuti uiingize mwenyewe. Picha za skrini pekee hazitoshi.