Picha ya kifua siyo picha ya TB

Juzi nimelisikia tena lile la kwamba picha ya kifua inaonyesha TB, safari hii nyumbani kabisa. Binamu yangu katoka kupiga eksirei na bahasha yake ya kaki, baba mdogo kaichomoa ile filamu kaiinua kwenye taa ya sebuleni, akaweka kidole chini kidogo ya mtulinga, "TB hii hapa, mbona inaonekana kabisa". Haionekani baba mdogo. Kinachoonekana hapo ni kivuli (kivuli cheupe, hilo nalo tuliache).

Picha ya kifua ni mionzi tu inayopita mwilini. Mapafu yana hewa, mionzi inapita kirahisi, yanatoka meusi, mifupa na moyo vinatoka vyeupe, na pafu likiwa na usaha, maji, uvimbe au kovu la zamani napo panakuwa peupe. Siti skani ni mionzi ileile ila inakata vipande vyembamba vyembamba kwa hiyo inaona hadi vidogo. Basi.

Mi naona shida imeanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Kifua kwetu ni vitu viwili, kiungo na ugonjwa. Ukisema mtoto ana kifua hakuna anayekuuliza kwani nani hana, wote tunajua anakohoa au anabanwa. Kifua kikuu kimetoka kwenye hicho cha ugonjwa, na hiyo kuu ni ya mkuu, yaani baba lao. Sasa picha inapiga kile kingine, cha mbavu na mapafu, ila sikio likishasikia "picha ya kifua" linajua kifua ndo kimepigwa picha. Halafu hiyo eksi yenyewe, Wilhelm Röntgen mwaka 1895 kule Ujerumani aliiweka kwa sababu hakujua ile mionzi ni kitu gani, ni eksi ya hesabu, ile tuliyokuwa tunaambiwa tuitafute. Kitu kimepewa jina la kisichojulikana, sisi ndo tunakatia shauri.

Na bakteria wa TB ana ndugu zake, ukoo mzima wa maikobakteria. Kina avium na kansasii wanaishi zao kwenye maji na udongo, ila wakikuta pafu lililochoshwa na TB ya zamani au sigara wanalikalia, mtu anakohoa anakonda, na kwenye picha wanaweza kuonekana wamechimba pango, yaani tundu ndani ya pafu, kulekule juu kama TB. Hata kwenye darubini wanashika rangi nyekundu ileile anayoshika wa TB! Wanaowatenganisha ni watu wa maabara, kwa kuotesha makohozi wiki kadhaa, au kwa kipimo cha vinasaba kama GeneXpert ambacho kinamtafuta wa TB tu. Na dawa haziko sawa, TB ya kawaida miezi sita, avium mara nyingi inapita mwaka.

Sisemi picha haina kazi, inachuja vizuri sana, inamkamata hata ambaye hajaanza kukohoa, na tangu 2021 WHO imeruhusu hata programu za kompyuta kuzisoma kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Ila kuchuja siyo kuthibitisha.

Majibu ya makohozi ya binamu hayajatoka, na kikombe chake cha chai kishatengwa kabatini. Baba mdogo, sema tu hivi: picha imeonyesha kivuli, tunasubiri makohozi. Maneno matano.