Nati za tairi zinazolegea: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nati ikikazwa mpaka igome kabisa, haitalegea.

Boliti ya gurudumu hufanya kazi kama springi. Ukiikaza inarefuka kidogo mno, na kule kutaka kurudi kwake ndiko kunakobana rimu kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Mbano huo ukipotea, rimu huanza kucheza. Ukizidisha, boliti hurefuka moja kwa moja, hairudi tena, na nati hulegea au boliti hukatika. Magari mengi ya familia hutaka niutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 80 hadi 140. Corolla nyingi ni 103. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 30 anatia zaidi ya 200! Tumia spana yenye kipimo cha nguvu, na namba ya kitabu cha gari lako.

Dhana: Grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti inasaidia.

Namba hizo kwa kawaida ni za nyuzi safi na kavu. Ukipaka grisi, msuguano hupungua, na kwa namba ileile boliti huvutwa kupita kiasi. Usipake, isipokuwa mtengenezaji ameagiza.

Dhana: Ikilegea, ikaze uendelee na safari.

Hili ndilo kosa tunaloliogopa zaidi, kwa sababu nati hailegei bure. Mara nyingi kuna kutu, tope au rangi mpya kati ya rimu na habu. Uchafu huo husagika gari likitembea, na mbano hupotea nao. Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, weka kabari, kisha toa gurudumu. Sugua nyuso zote mbili kwa brashi ya waya. Tundu la rimu likiwa limepanuka na kuwa kama yai, rimu hiyo haifai tena. Boliti yenye nyuzi zilizolika badilisha. Ikiwa moja imekatika, badilisha na jirani zake, maana zilibeba mzigo wake.

Rudisha nati kwa vidole kwanza. Zikiwa zimekaa sawa, zibane kidogo, shusha jeki, ndipo ukaze kwa mtindo wa nyota, nati moja kisha ya upande wa pili: raundi ya kwanza nusu ya kipimo, ya pili kipimo kamili. Rudia kupima baada ya kilomita 50 hadi 100, gurudumu likiwa limepoa, hata kama aliyekaza ni fundi mwenye mashine ya upepo.

Dhana: Nati yoyote inayoingia inafaa.

Kuna nati zenye kitako (sehemu inayogusa rimu) chenye umbo la koni, cha duara na bapa. Kitako kisipolingana na tundu la rimu, hugusa ukingo mwembamba tu, na italegea. Hesabu pia mizunguko: boliti ya milimita 12 yenye nafasi ya milimita 1.5 kati ya nyuzi inahitaji angalau 8 kamili.

Dhana: Nati ikilegea, utaisikia mapema.

Si lazima. Ukiona michirizi ya kutu kutoka kwenye nati, au ukisikia mgongano wa chuma gari likienda polepole huku usukani ukitetemeka, simama hapohapo.