Haidrojeni kutoka kwenye maranda: hesabu iko kwenye kaboni

Washa kijiti cha kiberiti, kiinamishe kidogo, kisha kitazame kabla moto haujafika vidoleni. Utaona mwali haukigusi kijiti. Kuna mwanya mdogo kati ya mti na moto, kana kwamba moto unaelea. Kinachowaka pale ni gesi iliyotoka ndani ya mti baada ya mti kupata joto. Mti wenyewe unabaki nyuma ukiwa mkaa mweusi.

Mtambo wa kuzalisha haidrojeni kutokana na tungamotaka, yaani mabaki ya mimea na wanyama, umejengwa juu ya mwanya ule. Maranda, pumba, mabua au matawi yaliyokatwa hupashwa moto mkali hadi yatoe gesi, kisha gesi hiyo ikanyimwa hewa isipate kuungua. Ufundi huu si mgeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafuta yalipoadimika Ulaya, magari mengi yalitembea kwa gesi ya kuni, tanuri likiwa limefungwa nyuma ya gari. Jipya ni kinachofanyika baada ya gesi kutoka.

Kwanza tuone haidrojeni inatoka wapi leo. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97, nyingi zikiwa katika kusafisha mafuta, kutengeneza amonia ya mbolea, na methanoli. Sehemu kubwa sana ilitokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye gesi asilia huacha kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa kiwandani, na ya makaa ya mawe huacha karibu maradufu ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba haidrojeni ni safi kwa sababu ikiungua hutoa maji tu, amekusimulia nusu ya habari. Moshi wake ulishatoka kwingine.

Sasa chukua tani moja ya mti uliokauka kabisa. Kwa uzito, karibu nusu yake ni kaboni, yaani kilo 500. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni oksijeni. Haidrojeni ni kilo 60 tu hivi, na mtu angeweza kukata tamaa hapo hapo. Lakini mtambo mzuri hutoa kati ya kilo 70 na 100. Ziada inatoka kwenye maji. Gesi ya mti imejaa kaboni monoksidi, ile ile isiyo na harufu inayoua watu waliolala na moto wa mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo ina uchu wa oksijeni. Ikikutanishwa na mvuke mbele ya kichocheo cha chuma au shaba, humnyang'anya maji oksijeni yake na kugeuka hewa ukaa, huku haidrojeni ya maji ikiachwa huru. Kaboni ndiyo inayofanya kazi ya kuvunja maji, na ndiyo maana hatuitazami kama taka.

Ndani ya tanuri la kisasa kuna mchanga wenye joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi. Mvuke hupulizwa kutoka chini hadi mchanga uanze kutokota kama maji, na maranda yakidondoka humo hugeuka gesi ndani ya muda mfupi sana. Mafundi hutumia mvuke au oksijeni tupu badala ya hewa ya kawaida kwa sababu zaidi ya robo tatu ya hewa ni naitrojeni, ambayo haisaidii chochote humo ndani na baadaye ni kazi kuitenganisha.

Hapo kwenye karatasi kila kitu kinakwenda vizuri. Adui ni lami. Joto likishuka kidogo, mvuke mzito wa lami huganda ndani ya mabomba, hubana vali, hufunika vichocheo visifanye kazi. Kwa maoni yangu, teknolojia hii imecheleweshwa zaidi na lami kuliko na kemia yoyote ngumu. Mabua nayo yana shida yake: potasiamu iliyomo hufanya majivu yayeyuke, chembe za mchanga zikashikana, na ule mchanga uliokuwa ukitokota ukasimama kama jiwe. Hapo mtambo unazimwa, na watu wanaingia na nyundo.

Gesi ikishasafishwa na kupita kwenye mvuke, kinachobaki ni haidrojeni na hewa ukaa kwa wingi, tena kwa shinikizo. Hali hiyo ni nafuu kubwa. Kukamata hewa ukaa kwenye moshi wa dohani ni kama kuokota punje zilizotawanyika uwanjani, hapa zimeshakusanywa. Gesi hupitishwa kwenye kimiminika kinachonyonya hewa ukaa, kisha kimiminika hicho hupashwa moto au kupunguziwa shinikizo ili kiiachilie.

Tupige hesabu. Kilo 500 za kaboni zikiungana na oksijeni hutoa takriban kilo 1,830 za hewa ukaa. Tuseme mtambo umekamata asilimia 90, hizo ni kama kilo 1,650. Ukipata kilo 80 za haidrojeni, kila kilo imeambatana na kilo 20 hivi za hewa ukaa inayokwenda kufukiwa ardhini. Na hewa ukaa hiyo mti uliivuta kutoka angani ulipokuwa ukikua. Umeme wa jua unaovunja maji unaweza, ukijitahidi sana, kukaribia sifuri ya hewa ukaa. Njia hii inaweza kushuka chini ya sifuri, yaani kuipunguza iliyoko angani. Mimi huwaambia wanaonitembelea kwamba mtambo huu huzika kaboni, na haidrojeni ni malipo yake.

Ila hesabu hiyo inaanzia shambani. Ukikata msitu uliosimama ili ulishe tanuri, umeanza na deni linalochukua miongo mingi kulipika, maana miti mipya haikui kwa kasi ya tanuri. Mabaki yana afadhali, lakini si yote ya kuzoa: udongo nao unayahitaji. Kuna pia unyevu na umbali. Mti mbichi unaweza kuwa nusu maji, na kuukausha kunakula joto. Tungamotaka ni nyepesi na hujaza lori haraka, hivyo mtambo mkubwa hujikuta ukifuata malighafi mbali kupita kiasi. Kwa samadi na taka zenye maji mengi tanuri halifai. Hizo huozeshwa zitoe methani, na methani hiyo hutiwa mvuke kama ifanywavyo gesi asilia. Humo vali inayovuja ni hasara kubwa, kwani kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa miaka 100.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama hewa ukaa itakaa huko chini. Katika eneo la Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, Norwei imekuwa ikisukuma hewa ukaa itokanayo na gesi asilia kwenye mwamba wa mchanga tangu 1996. Kwenye kina kinachozidi meta 800 hivi shinikizo huibana hadi iwe nzito karibu kama kimiminika, na juu yake kuna tabaka la mwamba laini usiopitisha. Mawimbi ya sauti hutumika kuifuatilia inakosambaa. Aislandi wameenda mbali zaidi. Karibu na mtambo wa jotoardhi wa Hellisheidi waliiyeyusha kwenye maji na kuisukuma ndani ya mwamba wa volkano. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka madini ndani ya miaka miwili. Vipande vya mwamba vilivyochimbuliwa vilikuwa na vitundu vilivyojaa fuwele nyeupe za chokaa.