Kiunzi cha Kuoteshea Mfupa: Maswali na Majibu

Mfupa uliovunjika huunga wenyewe. Kiunzi, yaani umbo lenye vitundu linalowekwa penye pengo ili mfupa mpya uote ndani yake, ni cha nini?

Huunga wenyewe iwapo vipande vimekaribiana, vimetulia na damu inafika. Lakini kipande kizima kikipotea, kwa ajali, kwa uvimbe uliokatwa au kwa usaha uliokaa mfupani miezi mingi, pengo huweza kuwa kubwa mno likajaa kovu laini badala ya mfupa. Njia inayoaminika zaidi hadi leo ni kuchota mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ukingoni mwa nyonga. Ila mfupa wa kuchota ni mchache, na pale ulipotolewa huweza kuuma kwa muda mrefu; ndiyo maana hutafutwa kiunzi cha kujaza pengo hilo.

Kwa nini kitengenezwe kwa mchanganyiko?

Kwa sababu mfupa wenyewe ni mchanganyiko: nyuzi za kolajeni (aina ya protini) huufanya usivunjike ovyo, na madini ya kalsiamu na fosfati, takriban theluthi mbili ya uzito wake, huupa ugumu. Kauri (kitu kigumu mfano wa udongo uliochomwa) ya madini hayo ikiwa peke yake hupokelewa vyema na seli za mfupa lakini hupasuka upesi, ilhali polima (kitu mfano wa plastiki) kama polikaprolaktoni haipasuki kirahisi, ila seli hazishiki vizuri juu yake; zikichanganywa, kila moja hufidia upungufu wa nyingine. Tena kuna faida isiyotajwa sana: polima za asidi ya laktiki zikiyeyuka mwilini huacha tindikali inayoweza kuchokoza tishu, na kauri ya kalsiamu huipunguza makali.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye vitundu. Vinapaswa kuungana, na vyenye upana unaozidi mikromita 300 (karibu theluthi moja ya milimita) ndivyo huruhusu mishipa ya damu kupenya vizuri. Vikizidi, kiunzi hudhoofika, na vikibana, seli za katikati hufa kwa kukosa damu.

Hubaki mwilini daima?

Hapana. Hukusudiwa kiyeyuke kadiri mfupa mpya unavyoota. Polikaprolaktoni huchukua miaka 2 au zaidi.

Je, nikatae vyuma vya kushikilia mfupa, nisubiri kiunzi?

Tafadhali usifanye hivyo. Baadhi ya vijazio vya kauri na kolajeni tayari hutumika katika upasuaji wa mifupa na meno, lakini viunzi vingi vipya vingali maabara, na kwenye paja au muundi hata kiunzi kizuri huhitaji vyuma vya kubeba uzito. Usaha ukiwamo, lazima usafishwe kwanza. Anayevuta sigara na aache, na mwenye kisukari adhibiti sukari yake, kwani yote mawili huchelewesha mfupa kuunga, uwe na kiunzi au usiwe nacho.